Lami Peke Yake Haifanyi Barabara Kuu



Mtu akipanda gari ya Mkoani pale Chake Chake, akateremka Mtambile ili achukue njia ya Kengeja, kwa macho yake ile ni lami moja tu iliyogawika. Ameiacha njia kubwa, ameingia njia ndogo, basi. Lakini mbele ya sheria mambo hayako hivyo. Barabara iendayo Mkoani ni kitu kimoja, njia ya Kengeja ni kitu chengine, na kile kipande kifupi cha kuziunganisha, pale gari inapoiacha moja na kuishika ya pili, kinaweza kuwa cha huku, kikawa cha kule, na mara nyengine kikawa hakina mwenyewe.

Leo nataka tukizungumze hicho kipande kifupi. Najua wako watakaosema: "Bwana huyu amekosa la kusema. Pemba ina shida chungu nzima, yeye anatuletea habari za vipande vya njia panda." Nawaomba wanivumilie kidogo, maana ndani ya kipande hicho mna mikarafuu ya watu, mna nyumba za watu, mna fedha za matengenezo, na pengine mna roho za watu pia.

Katika miaka hii ya 2020 barabara zetu kubwa mbili, ile ya Chake Chake kwenda Wete, yenye zaidi ya kilomita 20, na ile ya Chake Chake kwenda Mkoani, yenye zaidi ya kilomita 40, zimeingia katika ujenzi mpya. Kila aliyewahi kupita njia zetu za zamani anajua zilivyokuwa: kilima, bonde, kona, kisha kilima tena. Mhandisi wa leo akipewa njia kama hiyo hawezi kuifuata kama ilivyo. Kona atainyoosha, kilima atakipunguza, na penye njia panda atataka kuongeza upana, ili gari inayokata iwe na pake pa kukatia bila ya kuwazuia walio nyuma. Hapo ndipo kinapozaliwa kipande kipya cha barabara mahali ambapo jana palikuwa na mhogo.

Kwanza tukubaliane juu ya jina, maana Kiswahili chake hakijatulia. Wako wanaosema barabara ya mchepuko, lakini mchepuko kwa wengi wetu ni ile njia ya vumbi tunayopitishwa wakati wa ujenzi. Mimi leo nitasema tawi la maingilio, au tawi tu. Tawi ni kijibarabara kifupi, aghalabu cha upande mmoja, kinachoitoa gari katika barabara kubwa polepole, au kinachoiingiza katika barabara kubwa huku ikiongeza mwendo.

Anayetaka kuyaona matawi kwa wingi na aende Ubungo, Dar es Salaam. Pale zinakutana barabara tatu, ya Morogoro, ya Mandela na ya Sam Nujoma, na tarehe 24 Februari 2021 ilifunguliwa makutano ya ghorofa iliyopewa jina la marehemu Balozi John Kijazi. Gari inayotoka Mwenge ikitaka kwenda Manzese hukata kushoto kwa tawi lake, na wala haiwapiti wanaokwenda moja kwa moja. Unguja nako miradi ya barabara za juu, ya Mwanakwerekwe na ya Amani, imewazoesha watu na mambo hayo hayo.

Sasa nauliza. Lile tawi linalotoka barabara ya Sam Nujoma na kuingia barabara ya Morogoro ni la barabara ipi? Ni la ile ya kwanza, au la ile ya pili? Mtu wa kawaida atasema, "La Serikali." Ni kweli. Lakini Serikali si mkono mmoja. Kuna wizara, kuna wakala, kuna baraza la mji, kuna halmashauri. Kila mmoja ana fungu lake la fedha na orodha ya barabara zake, na barabara isiyokuwemo katika orodha yoyote ni kama mtoto asiyeandikishwa: yupo, anaonekana, anakula, lakini siku ya kwenda skuli hakuna daftari lenye jina lake.

Ndiyo maana nasema kwamba barabara huzaliwa mara mbili. Mara ya kwanza huzaliwa kwa tingatinga na lami. Mara ya pili huzaliwa kwa karatasi, siku ambayo mwenye mamlaka anatangaza kisheria kwamba kipande hiki, kuanzia hapa hadi hapa, tangu tarehe hii, ni sehemu ya barabara kuu.

Uzazi huu wa pili unaonekana vizuri katika historia ya Uingereza. Zamani barabara za nchi ile zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya majimbo, kila jimbo na zake. Mwaka 1936 Bunge lao lilipitisha sheria ya barabara kuu, na ilipofika tarehe 1 Aprili 1937 maili zipatazo 4,500 zikatoka mikononi mwa mabaraza na kuwa chini ya Waziri wa Usafiri. Usiku ule hakuna jiwe lililohamishwa wala pipa la lami lililomwagwa. Dereva aliyelala safarini aliamka akaendelea na njia ile ile. Lakini mwenye kuijibia njia alikuwa mwengine.

Mpaka leo, chini ya sheria yao ya barabara ya mwaka 1980, yanapojengwa matawi mapya ya kuunganisha barabara kuu na nyengine, Waziri hutoa amri maalumu. Amri hiyo kwa kawaida ni fupi sana, lakini ina mambo matatu yasiyokosekana. Inataja kipande chenyewe, kinapoanzia na kinapoishia. Inataja ramani, ambayo mstari wa katikati wa njia mpya umechorwa kwa wino mzito mweusi, na kusema ramani hiyo imewekwa wapi ili mtu yeyote aende kuitazama. Na inataja tarehe ambayo kuanzia hapo kipande kile ni barabara kuu. Kabla ya kufika huko, kusudio hutangazwa gazetini, na watu hupewa muda usiopungua wiki sita wa kutoa pingamizi. Mwenye duka, mwenye shamba, mwenye skuli, kila mmoja ana nafasi ya kusema, "Hapana, tawi hili linanipita mlangoni."

Sikutoa mfano huu kwa sababu ya kuwatukuza wenzetu. Nimeutoa kwa sababu mambo yale matatu, mahali, ramani na tarehe, ndiyo mambo matatu ambayo mwananchi wa popote anayahitaji.

Twende Tanzania Bara. Huko kuna Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1932. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa TANROADS, na zile za wilaya, za mijini na vijijini, ziko chini ya wakala wa TARURA ulioanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo kusema kipande hiki ni cha barabara kuu au si cha barabara kuu ni kusema nani ataleta greda.

Lakini kuna jengine kubwa kuliko greda, nalo ni upana. Barabara kuu haiishii pale lami inapoishia. Ina eneo lake pembeni, linaloitwa hifadhi ya barabara. Kwa mujibu wa utaratibu wa zamani wa Bara hifadhi hiyo ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya njia. Sheria mpya ikaja na mita 30. Tofauti ni mita saba na nusu tu, urefu wa vyumba viwili. Lakini ndani ya vyumba viwili hivyo walikuwamo watu. Ndipo zilipotokea zile alama za X ukutani. Aliyekuwa ndani ya mita 22.5 alipigwa X nyekundu: yeye ameifuata barabara, hana fidia. Aliyekuwa baina ya mita 22.5 na mita 30 alipigwa X ya kijani: barabara imemfuata yeye, ana haki ya kulipwa.

Tazama, ndugu msikilizaji, jinsi maneno yale mawili yalivyo mazito. Ameifuata barabara, au barabara imemfuata. Na huwezi kujua nani kamfuata mwenziwe mpaka ujue njia ilipitishwa wapi kisheria, na lini.

Mtu anaweza kudhani basi dawa ni karatasi, karatasi itolewe mapema na mambo yamekwisha. La hasha. Mwaka 2017, ilipokuwa inapanuliwa barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha, nyumba nyingi zilivunjwa. Serikali ilisema hifadhi ya barabara pale, kwa sheria za tangu enzi ya ukoloni, inafika mita 121.5 kila upande, na waliojenga humo wamevamia. Wakaazi nao walisema wako pale miaka na miaka, wameungiwa umeme, wameungiwa maji, na hapana aliyewaonesha jiwe la mpaka. Mimi si hakimu wa kesi ile. Nasema tu kwamba karatasi iliyolala kabatini kwa miaka themanini bila ya mawe ya mpaka ardhini ina madhara sawasawa na lami iliyomwagwa bila ya karatasi. Karatasi na ardhi lazima ziseme neno moja, na lazima ziliseme kabla mtu hajatia msingi na kabla mti haujakatwa.

Sasa turudi nyumbani. Barabara si katika mambo ya Muungano. TANROADS haina kazi Pemba. Njia zetu ziko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa wizara inayohusika na kwa Wakala wa Barabara Zanzibar. Vipimo nilivyovitaja, vya 22.5 na 30, ni vya Bara, asije mtu akachukua kamba na kwenda kupima shamba lake kwa vipimo hivyo. Sheria zetu ni nyengine. Lakini kanuni ya msingi ni ile ile, na kwetu sisi ina uzito zaidi, kwa sababu ya aina ya mali tuliyonayo kandoni mwa njia.

Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mtu ana haki ya kuitumia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 watu waligawiwa eka tatu tatu, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ikaziweka haki hizo katika mpango. Kwa mila yetu mti na ardhi ni mali mbili. Unaweza kukuta anayelima chini ni mmoja, na mwenye mkarafuu ni mwengine, na huenda mkarafuu wenyewe wa urithi, una warithi kumi, wawili wako Mombasa na mmoja yuko Muscat. Mkarafuu nao si mchicha. Ukiupanda leo utasubiri miaka sita, saba, hata minane, ndipo uanze kuchuma, na baadaye utawalisha wajukuu. Hata mwenyewe haruhusiwi kuukata ovyo bila ya kibali.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inamlinda mtu asinyang'anywe mali yake bila ya sheria na bila ya fidia. Tena tangu mwaka 1909 Zanzibar imekuwa na sheria ya Serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo mlango wa haki upo. Lakini mlango huo una ufunguo, na ufunguo ni ule mstari katika ramani. Mkarafuu uliosimama hatua mbili ndani ya mstari unalipwa. Uliosimama hatua mbili nje ya mstari haulipwi, na haupaswi kuguswa. Ikiwa tawi la maingilio limechorwa shambani kwa kijiti na kwa maneno ya mdomo, "tutapitia hapa hapa," nani atasema mti upi ulikuwa ndani na upi ulikuwa nje baada ya tingatinga kupita?

Na hapa ndipo matawi yanapokuwa hatari kuliko barabara yenyewe. Barabara kubwa huwa imepangwa tangu mwanzo, imepimwa, imehesabiwa. Tawi aghalabu ni jambo la nyongeza. Kazi imeshaanza, mhandisi anaona njia panda imebana, anasema tuongeze mkono wa kushoto. Ni jambo jema, tena huenda likaokoa maisha. Lakini nyongeza ile nayo inahitaji ramani yake na tangazo lake. Isidhaniwe kwamba kwa kuwa barabara mama imetangazwa, basi kila kinachobandikwa ubavuni mwake kimetangazwa pamoja nayo.

Faida ya tangazo ni ipi kwa mtu wa kawaida? Nitazitaja tatu.

Kwanza, ni matengenezo. Lami ikianza kuchimbika penye tawi, mtaro ukiziba na maji ya masika yakaingia nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba ajue aende ofisi ipi. Si aende ya mji aambiwe ni ya wakala, aende ya wakala aambiwe ni ya mji. Maji hayangoji barua.

Pili, ni mipaka. Tukishajua tawi ni sehemu ya barabara kuu, tunajua pia hifadhi yake inafika wapi. Mwenye kutaka kujenga banda la biashara atajua asipite hapa. Sote tunajua tabia ya njia panda: leo ni tupu, kesho kuna meza ya machungwa, keshokutwa kuna kibanda cha chai, mwakani kuna duka la mawe. Na wakati wa msimu majamvi ya karafuu hutandazwa hadi ukingoni mwa lami, maana lami ina joto zuri. Simlaumu anayeanika. Lakini tawi ni mahali gari inapokata bila ya kusimama, na mtoto anayegeuza karafuu pale ana hatari kubwa kuliko aliye kwenye njia iliyonyooka.

Tatu, ni sheria za usalama. Alama ya mwendo, alama ya usikate kulia, alama ya upande mmoja, zote zinataka barabara yenye mwenyewe na yenye jina. Ajali ikitokea penye kipande kisicho na jina, mawakili watapata kazi nzuri, lakini majeruhi atasubiri.

Kuna na upande wa pili wa shilingi, ambao husahauliwa zaidi. Barabara inaponyooshwa, ile kona ya zamani inakwenda wapi? Kona ile ina nyumba zake, ina msikiti wake, pengine ina skuli. Jana walikuwa kandoni mwa barabara kuu, gari zote zikipita mlangoni. Leo njia kubwa imehamia ng'ambo ya bonde, wao wamebaki na kipande cha lami kuukuu. Je, kipande kile bado ni barabara kuu? Kikiwa si barabara kuu tena, kimekabidhiwa kwa nani? Tangazo zuri hutaja yote mawili kwa pamoja: kinachoingia na kinachotoka. Likitaja kinachoingia tu, wakaazi wa kona wamefanywa mayatima kwa kalamu.

Nakubali kwamba kuna hoja ya upande wa pili. Watendaji husema, "Tukingoja matangazo na wiki za pingamizi, barabara hazitajengwa, na nyinyi nyinyi mtakuja kulalamika kuwa mnakula vumbi." Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mgonjwa anayetoka Kengeja kwenda hospitali hajali tawi limetangazwa lini, anajali njia ipitike. Lakini kuchora ramani na kutaja tarehe si kazi ya miaka. Kazi ya miaka ni kesi, ni kudai fidia, ni kuvunja kilichojengwa kimakosa. Haraka haraka haina baraka, na kwa barabara haraka hiyo hulipwa kwa fedha ya Serikali na kwa machozi ya watu.

Basi tufanye nini? Utakapomwona mpimaji anapita karibu na shamba lako na vijiti vyake, usimfukuze na wala usinyamaze. Nenda kwa sheha wako, ukaulize maswali manne. Kipande hiki kinaanzia wapi na kinaishia wapi? Ramani yake iko ofisi gani, nikaitazame? Kitakuwa barabara kuu tangu tarehe gani? Na kile cha zamani kinakwenda kwa nani? Hesabu miti yako kabla haijaguswa, mtaje mwenye ardhi na mwenye mti kila mmoja kwa jina lake, na yaandikwe mbele ya mashahidi. Ukijibiwa kwa mdomo, omba kwa heshima ujibiwe kwa maandishi.

Na nyinyi mabwana wakubwa wenye kalamu, jiwe la mpaka halina gharama kubwa. Litieni ardhini siku ile ile mnapotia sahihi katika karatasi. Barabara nzuri ni neema, nasi tunaishukuru. Lakini tunataka ikizaliwa izaliwe mara zote mbili, kwa lami na kwa sheria, ili siku mjukuu atakapouliza mkarafuu wa babu ulikuwa wapi, awepo wa kumwonesha katika ramani, na kumwambia pia kwamba ulilipwa.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaaliwa.